Kitabu cha Sungura na Kinyonga: kwa nini watoto wa P2 wanakataa nifungue ukurasa unaofuata?

#1 Mwl_Wanale (Mbale)

Ndugu zangu, naomba mawazo yenu.

Nafundisha P2, darasa la pili la msingi. Mimi na mwalimu mwenzangu anayejua kuchora tumetengeneza kitabu cha picha cha Kiswahili, kurasa 16 tu, cha kuwasomea watoto kabla ya kengele ya mwisho. Hadithi yenyewe ni hii. Sungura na Kinyonga ni marafiki, wanateremka kutoka mashamba ya kahawa huku mlimani kwenda sokoni. Sungura anataka wafike kabla ya mvua. Anakimbia, akigeuka mwenzake hayupo, anarudi, anakimbia tena, anarudi tena. Kila ukurasa ana neno: "Haya!" "Twende!" "Bado tu?" Ukurasa wa 8 na wa 9 ni picha moja kubwa isiyo na maneno. Sungura amechoka, amelala kifudifudi chini ya mti wa kahawa uliochanua, Kinyonga amepanda juu ya sikio lake, na wote wawili wanatazama sisimizi waliobeba bawa la kumbikumbi. Kisha wanaendelea na safari, mvua inawakuta njiani, wanafika sokoni wamelowa, na Sungura anawasimulia wauza nyanya yote aliyoyaona. Basi.

Sasa, nikifika ukurasa huo wa katikati darasa linanizuia. Nikigusa tu kona ya karatasi, "Bado, mwalimu! Bado!" Kurasa za mbio, zenye vumbi na makelele, wanaziacha zipite. Mimi nasema wanatulia kwa sababu Sungura ametulia. Mchoraji wangu anasema ni uzuri wa picha tu, na Kinyonga amempaka kijani kile kile cha majani ya kahawa, kama kinyonga anavyogeuka rangi ya mahali alipo. Nyinyi mnaonaje?

#2 Hajati_Bombo

Hongera mwalimu. Nakala zinapatikana wapi? Hapa Bombo tuna watoto wa madrasa ambao nyumbani ni Kinubi na Kiswahili tangu asubuhi mpaka usiku, na hawana kitabu hata kimoja cha hadithi katika Kiswahili. Vya kuhesabu na vya herufi tunavyo. Cha kumlaza mtoto ubavuni ukamsomea, hakuna.

#3 Boda_Kasese

Kitabu ni kizuri, ila hilo fundisho lake sina hakika nalo. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, sawa. Lakini ni wahenga hao hao waliosema chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi naishi kwa mwendo. Abiria akisimama barabarani, anayefika kwanza ndiye anayempakia, na ada ya shule ya binti yangu inatoka hapo. Sungura anakimbilia soko kabla ya mvua kwa sababu nyanya zilizonyeshewa hazina bei. Kosa lake liko wapi?

Kuhusu swali lako, labda watoto wanapenda ukurasa ule kwa sababu hakuna anayewaambia "haya, twende". Wanaambiwa hivyo nyumbani tangu alfajiri.

#4 Nakku_Mityana

Boda, nani anaendesha wakati wewe unaandika? Paki kwanza pembeni!

Nakuunga mkono lakini. Sisi Baganda hadithi yetu ya kwanza kabisa ni onyo la kuondoka upesi. Ggulu, baba yake Nambi, aliwaambia Kintu, mtu wa kwanza, na mkewe Nambi waondoke mapema, kabla Walumbe, ndugu yake Nambi ambaye ndiye kifo, hajarudi, na wasigeuke nyuma hata kama wamesahau kitu. Nambi akakumbuka ulezi wa kuku wake, akarudi. Walumbe akamwona, akamfuata, na ndiyo maana tunakufa. Mashimo aliyojificha Walumbe tunaonyeshwa hadi leo kule Ttanda, si mbali na kwetu. Mtoto aliyelelewa na hadithi hiyo anajua kwamba kusitasita njiani kuna gharama. Usishangae basi akiona Sungura amelala katikati ya safari akakuambia "bado". Anasubiri kitu kitokee! Anatazama kichakani Walumbe atatokea upande gani.

#5 Mzee_Kyaggwe

Nakku binti yangu, soma hadithi yako vizuri. Kosa la Nambi lilikuwa kurudi, si kwenda pole. Wangetembea mwendo wa kobe bila kugeuka nyuma, wangefika salama. Na kuna wazee waliotusimulia kwamba aliyerudi ni Kintu mwenyewe, kwa hiyo tusimtwike mama wa watu mzigo wote.

Tena ukiangalia kwa makini, anayerudi nyuma kila mara katika kitabu cha mwalimu ni Sungura, huyo mwenye haraka. Anarudi kwa ajili ya rafiki. Hapo mimi naona utamu wa hadithi kuliko kule kwenye sisimizi.

#6 Nakku_Mityana

Webale nnyo, mzee. Hilo la Sungura kurudi sikuliwaza. Bado nasema wanamsubiri Walumbe.

#7 Mwl_Adeke (Soroti)

Mwalimu wa Mbale, swali moja kabla sijatoa maoni. Ukifika ukurasa wa 8 unasimama wapi?

#8 Mwl_Wanale (Mbale)

Kurasa zenye maneno nasoma nikiwa mbele, kitabu nimekigeuzia darasa. Ukurasa wa 8 hauna cha kusoma, kwa hiyo napita katikati ya madawati nikiwaonyesha.

#9 Mwl_Adeke (Soroti)

Basi jibu unalo mkononi. Darasa lina watoto wengi, benchi moja wamebanana watano, na kitabu chenyewe ni kidogo. Walio nyuma tangu ukurasa wa kwanza wanaona karatasi yenye rangi tu. Ukurasa wa 8 ndio wa kwanza unaowafikia. Wanaposema "bado" maana yake ni "mimi sijaona". Wa mbele wamekwisha kuona, lakini wakisikia wenzao wanapiga kelele na wao wanaitikia. Fanya jaribio: siku moja pita kwenye mabenchi na ukurasa wa 4, halafu wa 8 ukae nao mbele. Utuambie.

Sipingi hadithi yako. Naipenda. Nasema tu kwamba kabla ya kusema watoto wamejifunza utulivu, hakikisha kwanza wameona.

#10 Mchapaji_NasserRoad (Kampala)

Nimesoma uzi wote nikisubiri mtu ataje pini, hakuna aliyezitaja. Mimi ni mtu wa vitabu vya kukunja. Kitabu cha kurasa 16 ni karatasi 4 zilizokunjwa katikati na kupigwa pini mbili mgongoni. Ukurasa wa 8 na wa 9 ndio pekee walio kwenye karatasi moja, upande mmoja, bila kukatwa. Kote kwingine, picha inayovuka kurasa mbili imeundwa kwa vipande viwili vya karatasi tofauti, na hata nikikunja kwa uangalifu namna gani mstari utapishana kidogo. Katikati haupishani. Tena hapo kitabu kinalala wazi chenyewe, hakijifungi, mwalimu hahitaji kukikamata kwa vidole viwili na kufunika nusu ya picha.

Kwa hiyo mtoto anapewa picha kubwa mara mbili, iliyonyooka, isiyofunikwa na kidole gumba. Ungeweka pale picha ya gunia la mahindi, wangeitazama vile vile.

#11 Mwl_Wanale (Mbale)

Gunia la mahindi, hapana! Lakini la pini sikulijua, asante sana. Mchoraji wangu amesoma maneno yako akakaa kimya, jambo ambalo si kawaida yake.

Adeke, jaribio lako nitalifanya. Ila nina pingamizi. Watoto wa mbele kabisa, wanaoweza kugusa kitabu wakinyoosha mkono, ndio wanaoanza kusema "bado". Yuko mmoja anayehesabu sisimizi kwa kidole, na kila siku anabishana na jirani yake kama ni 11 au 12, kwa sababu mmoja ameingia nusu chini ya jani na umeonekana mguu tu. Huyo amekwisha kuona zamani. Anataka kuona tena.

#12 Viumbe_Makerere

Nasomea wanyama, niruhusuni niseme jambo moja la Kinyonga. Ile dhana kwamba hugeuka rangi ya mahali alipokaa si sahihi. Ukimweka juu ya kitambaa chekundu hatakuwa mwekundu. Rangi yake ya kawaida tayari inafanana na mazingira anamoishi, na hubadilika zaidi kwa sababu ya joto na baridi, hofu, hasira, au akimwonyesha kinyonga mwenzake msimamo wake. Ndani ya ngozi ana fuwele ndogo mno. Nafasi kati ya fuwele hizo ikibadilika, mwanga unaorudi nao hubadilika rangi. Mwambie mchoraji, kama Kinyonga ametulia na rafiki yake, kijani kinafaa. Kama Sungura anampigia kelele "twende", mpake giza.

Na mwendo wake wa kuyumba mbele na nyuma kabla ya kuweka mguu haumaanishi anasita. Unamfanya aonekane jani linalopigwa na upepo.

#13 Mwl_Wanale (Mbale)

Hilo la kumpaka giza wakati wa kelele nimelipenda mno. Kurasa za mwanzo zitabadilika rangi.

#14 Boda_Kasese

Mkishaanza kubadilisha, mpeni pembe tatu. Sisi huku Rwenzori kinyonga wetu ana pembe tatu usoni, watoto wa mjini hawaamini mpaka wamwone. Kinyonga asiye na pembe ni wa nusu.

(Nimepaki, Nakku. Mvua imeshika.)

#15 Viumbe_Makerere

Boda, wako wa pembe tatu ni kweli wapo, ila ni wa milima ya magharibi, na pembe ni za dume. Hadithi ya mwalimu iko Mbale, kwenye miteremko ya Elgon. Kila mlima uchorewe kinyonga wake.

#16 Boda_Kasese

Basi na sisi tutaandika chetu.

#17 Khainza_Busia

Mmesahau kitu kikubwa. Watoto wengi wanamwogopa kinyonga. Mimi nilikua nikiambiwa nisimguse, nisimtazame machoni, nikimkuta njiani nizunguke. Hata watu wazima humrushia mawe. Sasa katika picha hiyo Kinyonga amekaa juu ya sikio la Sungura, kucha zimeshika ngozi, na Sungura hana habari! Mtoto anatazama jambo ambalo hawezi kulifanya yeye. Anajipima. "Bado" yake ni ya mtu anayejizoeza kutoogopa. Ningekuwa wewe ningechunguza wanamtazama nani, sisimizi au Kinyonga.

#18 Mzee_Kyaggwe

Khainza amegusa penyewe. Na si kwetu tu. Wazulu kule Afrika Kusini husimulia kwamba Mungu alimtuma kinyonga kuwaambia watu hawatakufa. Akaenda polepole, akisimama kula matunda njiani. Mjusi akatumwa nyuma yake na ujumbe wa kifo, akamtangulia. Watu wakashika la kwanza kusikika. Bara zima limemkasirikia kinyonga kwa sababu ya mwendo wake, na mwalimu wa Mbale sasa anamtaka awe mwema. Ni kazi nzito, na ni kazi njema.

#19 Mama_Selimundu (Jinja)

Nimekuwa nasoma tu, leo naandika.

Mwanangu wa kiume yuko P3 na ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Akikimbia mpaka kuchoka, akikaa na kiu, akinyeshewa na kupata baridi, maumivu yanaweza kumshika usiku ule ule tukalala hospitali. Kwa hiyo yeye ni Kinyonga wa darasa lake, bila kupenda. Ana rafiki mmoja, jirani yetu, mtoto mwenye miguu isiyotulia, ambaye hutangulia mpaka kwenye mwembe, akarudi, akatangulia mpaka kwenye bomba, akarudi. Hakuna aliyemfundisha. Mzee aliposema kule juu kwamba utamu uko katika kurudi kwa Sungura, nilifuta macho.

Lakini mwalimu, kitabu chako kina jambo linaloniuma. Katika vitabu vyote vya namna hii mwenda pole anapewa kazi ya kumfundisha mwenye mbio. Yeye ndiye mwenye hekima, ndiye mtulivu, ndiye anayeona sisimizi. Mwanangu hana hekima zaidi ya wenzake. Hakuchagua kwenda pole ili mtu mwingine apate somo. Anataka kucheza, anataka kushinda kitu, anapenda sana magari ya mbio! Kinyonga wako anapata nini katika urafiki huu? Sungura anapata sisimizi. Kinyonga anapata sikio la kupanda.

Na hiyo mvua. Wanaingia sokoni wamelowa na kila mtu anacheka. Mimi sikuweza kucheka. Waazimieni hata jani la mgomba wajifunike.

#20 Mwl_Adeke (Soroti)

Mama, Mungu amtunze kijana. Umesema jambo ambalo sisi walimu tunalipita kila siku. Hata darasani, mtoto mpole tunamweka karibu na mtukutu "ili amtulize". Hatumuulizi huyo mpole kama anapenda.

#21 Boda_Kasese

Mama, pole na hongera. Jani la mgomba nakubali kabisa. Hata mimi abiria wangu hujifunika nalo, na mzigo pia.

#22 Okello_Gulu

Mimi nina maelezo mengine, niwarudishe nyuma kidogo. Shule zilifungwa Machi 2020 zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Hakuna nchi iliyofunga muda mrefu kuliko sisi. Tangu hapo walimu wanakimbizana na silabasi kufidia, wazazi wanakimbizana na walimu, na haraka ile haijaondoka shuleni hata kwa hawa wadogo ambao hawakuwahi kufungiwa. Mazoezi, majaribio, kazi za likizo, P2 anasoma kama anayejiandaa na PLE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Ukurasa mmoja usio na swali la kujibu ni mapumziko. Ungekuwa na maneno hata matatu, angejua ataulizwa maana yake.

#23 Hajati_Bombo

Okello, hapo kuna Kiswahili pia. Tukubali kwamba kwa watoto wengi wa Uganda Kiswahili ni lugha ya kuamriwa. Amin alipokitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, watu walikisikia kwa askari, kwenye vizuizi vya barabarani. "Toka! Kaa chini! Leta kitambulisho!" Sisi wa Bombo tulikuwa tunabembelezewa usingizi kwa Kiswahili na bado majirani walituogopa. Sasa angalieni Sungura wa mwalimu anasema nini kurasa zote za mwanzo: "Haya! Twende!" Ni amri tupu. Halafu Kiswahili kinanyamaza, watoto wanapumua. Serikali ilipokifanya lugha rasmi mwaka 2022 ilitakiwa ianze na vitabu vya aina hii, vyenye upole ndani yake.

#24 Viumbe_Makerere

Hajati shikamoo. Naomba kurekebisha kidogo: Kiswahili kiliingizwa kama lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hoja yako ya amri iko pale pale.

#25 Hajati_Bombo

Marahaba, mwanangu. Basi tumekisubiri tangu 2005. Nani alisema Waganda tuna haraka?

#26 Mwl_Wanale (Mbale)

Hajati, maneno yako yamenifanya nisikilize upya. Ni kweli, kwenye ukurasa ule watoto wanaacha Kiswahili na kuongea Lumasaaba wao kwa wao, na mimi huwaacha. Wanataja majina ya wadudu ambayo mimi mwenyewe siyajui kwa Kiswahili. Kwenye kurasa nyingine wananisubiri mimi niseme.

Na nimefanya jaribio la Adeke. Nilipita kwenye mabenchi na ukurasa wa 4, wa Sungura akiruka mfereji. Walishangilia, wakauliza kwa nini viatu vyake vina rangi tofauti, lakini hakuna aliyesema "bado". Kisha ukurasa wa 8 nikaukalia mbele bila kusogea. Wa nyuma waliinuka wakaja wenyewe. Nusu ya darasa ikawa imechuchumaa sakafuni mbele yangu.

#27 Mwl_Adeke (Soroti)

Walikuja kwa sababu siku zote umekuwa ukiwapelekea! Wamezoea ukurasa huo ni wa kuangalia kwa karibu. Mimi nimesoma nakala uliyonitumia kwa P1 wangu, ambao hawajawahi kukiona, nikawaketisha mkekani wote wanizunguke. Ukurasa wa 8 walitazama, wakatabasamu, nikafungua. Waliponizuia ni ukurasa wa 12, wa mvua, pale Sungura ametangulia tena na Kinyonga haonekani. "Bado, mwalimu, Kinyonga yuko wapi?" Hawakutaka nifungue mpaka wamtafute kwenye majani yote. Mmoja akaanza kulia.

#28 Khainza_Busia

Na kinyonga wanamwogopa, eti. Aliyelia alikuwa anamlilia.

#29 Mzee_Kyaggwe

Nimefurahi kuyasikia ya Soroti. Wanamtafuta aliyebaki nyuma.

#30 Mchapaji_NasserRoad (Kampala)

Ukurasa wa 12 hauko kwenye pini na bado walisimama. Nakubali kwamba si pini peke yake. Lakini ya Mbale hamjaijibu bado.

#31 Viumbe_Makerere

Nimekuwa nikimfikiria Mama wa Jinja na swali lake, Kinyonga anapata nini. Kuna jambo ambalo kitabu hakikulisema. Kinyonga ni mwenda pole wa miguu tu. Ulimi wake unaweza kuwa mrefu kuliko mwili wake ukiacha mkia, na anapoutupa kumnasa mdudu jicho lako haliwahi. Macho yake nayo, kila moja linatazama upande wake: moja kwa Sungura, jingine kwa nzi. Miongoni mwa wanyama wote walio ndani ya hadithi hiyo, anayefyatuka upesi kuliko wote ni yeye.

#32 Mama_Selimundu (Jinja)

Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta!! Mwalimu, tafadhali, ukurasa wa ulimi. Sungura anahangaika na nzi anayemsumbua puani, anampiga, anamkosa, anaruka, anamkosa. Kinyonga hajasogea hata hatua. Halafu, pwaa! Nzi hayupo. Sungura anabaki mdomo wazi. Usiandike neno la hekima hapo. Mwanangu nimemsimulia usiku huu, amecheka mpaka nikamwambia atulie. Anasema yeye ulimi wake ni hesabu.

#33 Boda_Kasese

Ulimi wake ni hesabu! Mpeni huyo mtoto soda, niandikieni mimi deni.

#34 Mwl_Wanale (Mbale)

Mama, umeupata. Mchoraji amekwisha kuchukua penseli. Ulimi unahitaji kurasa mbili ili uvuke kutoka upande huu hadi ule. Jani la mgomba nalo limeingia kwenye mvua.

#35 Mchapaji_NasserRoad (Kampala)

Mwalimu, subiri kidogo. Kurasa mbili haziongezeki kwenye kitabu cha kukunja. Karatasi moja iliyokunjwa ni kurasa 4, kwa hiyo utatoka 16 kwenda 20, na katikati ya pini itahama kutoka 8 na 9 kwenda 10 na 11. Ukiziongeza zote 4 kabla ya sisimizi, picha yao inakwenda 12 na 13. Ukiziongeza zote baada yao, inabaki 8 na 9. Njia zote mbili sisimizi hawako tena kwenye pini, na picha itakatwa na mgongo wa kitabu. Ukitaka wabaki katikati, weka 2 kabla na 2 baada.

#36 Mwl_Adeke (Soroti)

Weka zote baada! Sisimizi wabaki ukurasa wa 8 ule ule bila pini. Wakisema tena "bado", Mchapaji atatununulia chai sote.

#37 Mama_Selimundu (Jinja)

Mimi sitaki chai, nataka ulimi uje kabla ya sisimizi. Ukija kabla, Sungura anasimama kwa sababu mwenzake amemshangaza na anataka kuona nini kingine anakijua. Ukija baada, amesimama kwa sababu amechoka tu. Hizo ni hadithi mbili tofauti.

#38 Nakku_Mityana

Mama ameshinda. Na Walumbe atokee kwenye ukurasa wa 20.

#39 Mwl_Wanale (Mbale)

Ulimi kabla, zote 4. Mbili za nzi anayesumbua, mbili za ulimi. Mchapaji, tafadhali tumia karatasi ile ile na wino ule ule wa mwanzo, tusije tukaongeza ubishi wa karatasi juu ya huu. Darasa langu limezoea kile cha kwanza, kwa hiyo Adeke ndiye atakayejaribu, akipata P1 wengine ambao hawajakiona.

#40 Hajati_Bombo

Na mimi? Bombo inaletewa cha 16 au cha 20? Nina vikundi viwili vya madrasa, cha asubuhi na cha alasiri. Leteni vyote viwili, kila kikundi kipewe chake, nami nitaandika hapa nani amesema "bado" na wapi. Nauli ya mzigo kutoka Kampala nalipa mimi.